Mrejesho: Ile barua ya kazi ya Sabato

Wapendwa, niliwauliza nifanyeje bosi aliponiamuru kwa barua nihesabu mali ghalani kila Jumamosi, siku yangu ya Sabato. Mlinielekeza Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya 2010: mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha imani yake. Nikamwandikia, nikaahidi kufidia saa zile Jumapili. Alisoma kimya, kalamu ikigonga meza. Mikono ilinitetemeka jamani! Nikamkumbuka Danieli wa kwenye Biblia, aliyeendelea kuomba mara tatu kwa siku, madirisha wazi, huku akiijua amri ya mfalme iliyokataza maombi hayo.

Sijafukuzwa. Nimehamishiwa zamu ya usiku, Jumapili hadi Alhamisi, na marupurupu yamekatwa. Inauma, karo ya watoto haisubiri. Ila Ijumaa jua likizama, Sabato ikianza, niko nyumbani nao, tunaimba.