Nimchoreje baba asiyebadilika?

MchoraUsiku:
Wakuu habari. Nachora katuni ya kurasa 40 kuhusu mimi na marehemu mzee wangu, fundi cherehani wa Tanga. "Nakupenda mwanangu" kwetu halikuwahi kutamkwa. Nilipofeli kidato cha nne hakusema kitu, alinipima suruali mpya huku pini zimejaa mdomoni. Sasa jamaa yangu kasoma, anadai mhusika wa baba hakui, anaanza mkali anaisha mkali, eti mwishoni tukumbatiane. Nimeuchora huo ukurasa. Nikiuangalia naona watu wa tamthilia, sio sisi. Nifanyeje?

KalamuNyeusi:
Futa. Tafuta Maus, kitabu cha katuni cha Mmarekani Art Spiegelman, kilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer 1992. Anamsimulia baba yake Vladek, Myahudi wa Poland aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Wayahudi kawachora panya, Wajerumani paka. Vladek habadiliki ng'o! Uzeeni New York anaokota waya barabarani, anahesabu vidonge, anarudisha dukani boksi la nafaka lililoshaanza kuliwa. Ila sisi tumeshaiona njaa aliyopita, kwa hiyo ubahili ule ule unatuchoma. Kukumbatiana kupo ukurasa wa mwisho, lakini ni Vladek na mkewe Anja, mama yake Art, walipokutana baada ya vita. Mwanawe, aliyekaa naye miaka akiandika, anaambulia kuitwa Richieu, jina la kaka yake aliyekufa vitani.

BintiPangani:
Kaka Kalamu, hapo umemwonea huruma mno. Mala, mke wa pili wa Vladek, naye alipita kambini, na anasema wazi kwamba rafiki zao wote walipita huko na hakuna aliye kama Vladek. Halafu mzee alichoma madaftari ya Anja baada ya Anja kujiua. Art akamwita muuaji, na neno hilo kaliacha kitabuni. Mtoa mada, mama yako yuko ukurasa wa ngapi?

MchoraUsiku:
Duh, dada umenishika pabaya. Yuko wa 3, anapika basi. Na vifungo vya ile suruali alivishona yeye usiku, kwa taa ya chemli, mzee keshalala.

Suruali bado ninayo. Nimeipindua sasa hivi: ndani ya pindo mzee aliacha inchi mbili za kitambaa, nikirefuka ishushwe. Ukurasa wa 40 nauchora upya.