Kujaza risasi upya nyumbani: presi ya stesheni moja, ya kichwa cha kuzunguka au ya mfululizo, ipi inakuepusha na balaa?

Mzigua_H-Town (Houston)

Wakuu, salaam. Nalenga shabaha klabuni Jumamosi nyingi, bastola ya 9mm na rivolva ya .38 Special. Bei ya risasi za dukani imenichosha, na maganda niliyookota yamejaa ndoo gereji. Nataka kuanza kujaza mwenyewe. Pesa ni ya presi moja tu, yaani mashine ya kujazia, kwa hiyo tulinganishe kabla sijachomoa kadi.

Ya kwanza ni RCBS Rock Chucker, stesheni moja: ukivuta mkono, ganda moja, kazi moja. Ya pili Lee Classic Turret, kichwa chake kina nafasi nne na kinazunguka chenyewe. Ya tatu ndiyo inayonitoa udenda, Dillon XL 750: ikishajaa, kila ukivuta mkono inadondoka risasi iliyokamilika. Jamaa mmoja klabuni anasema ya mfululizo ni kifo kwa mwanafunzi. Mwingine anasema hizo ni hadithi za wazee. Mimi spidi siitafuti, nataka kubaki na vidole kumi. Tiririkeni.

fundi_bisibisi (Minneapolis)

Boss, huyo wa kwanza ana hoja, ila sababu yake si yenyewe. Presi hailipui bunduki. Kinacholipua ni dozi mbili za baruti kwenye ganda moja, au baruti isiyo yake, au ganda lisilo na baruti kabisa halafu mtu akafyatua nyingine nyuma yake. Kwa hiyo kila mashine iulize swali moja: inanipa nafasi gani ya kuona ndani ya ganda kabla kichwa cha risasi hakijakaa? Mengine ni rangi tu.

Kwenye stesheni moja unapanga maganda hamsini kwenye kibao chenye matundu, unayatia baruti, unawasha tochi na kuyaangalia yote kutoka juu kabla hujaweka kichwa hata kimoja. Ganda ambalo baruti yake imepanda au kushuka kuliko ya majirani linajichongea lenyewe. Hakuna mashine inayoshinda hapo.

Ubaya wake ni simu. Unapigiwa ukiwa katikati ya kibao, ukirudi hujui ulifikia tundu lipi. Dawa ni rahisi: ganda tupu likae mdomo chini. Unaligeuza pale tu linapoenda kupokea baruti. Lililosimama mdomo juu limeshapata, basi.

Mama Tausi (Phoenix)

Mimi nasimamia usalama kwenye uwanja wa shabaha huku, kwa hiyo naona matokeo kuliko mashine. Fundi kasema kweli, lakini Dillon asionewe. XL 750 inazungusha yenyewe sahani inayoshika maganda na ina stesheni tano, ndiyo maana moja unaweza kuifanya ya ukaguzi: king'ora kinalia ganda likiwa tupu au limejazwa mara mbili. RCBS nao wana Lock-Out Die, hiyo inaifunga presi isiendelee. Ninayemwogopa zaidi ni RL 550 ya Dillon hao hao, ambayo sahani yake unaizungusha kwa kidole. Ukisahau kuzungusha halafu ukavuta tena, ganda lile lile linapokea dozi ya pili.

Vifaa hivyo visikupe usingizi lakini. Vinakamata tupu na dozi mbili. Dozi iliyozidi kidogo tu vinaipitisha, hiyo ni kazi ya mizani.

Presi ya mfululizo inageuka mbaya siku inapokwama. Fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) imekaa upande, mkono hauendi, mtu anarudisha nusu, anasukuma, anarudisha tena. Hapo ndipo dozi mbili zinapozaliwa. Ikikwama, toa maganda yote yaliyo kwenye sahani, mwaga baruti, anza upya. Usikisie lipi lilishapata.

Na kijana wangu, rivolva yako inanitia wasiwasi kuliko hiyo 9mm. Ganda la .38 Special ni la mwaka 1898, zama za baruti nyeusi iliyotaka nafasi kubwa. Baruti ya kisasa isiyo na moshi inakaa chini kabisa, kama sukari kwenye kitako cha kikombe. Kwa baruti nyingine, dozi mbili hata tatu zinaingia na kichwa kinakaa juu bila kukuonyesha kitu. Chagua baruti inayochukua nafasi, ambayo dozi yake moja inapita nusu ya ganda, ili ya pili ikiingia imwagike mezani uione.

Mpiga_Hesabu (Atlanta)

Mbona hakuna anayetaja chaguo la nne, kununua tu? Kwa 9mm akiba ni ndogo. Ni risasi inayotengenezwa kwa wingi kupita zote za bastola, dukani ni rahisi. Jumlisha bei ya presi, mizani, fataki, baruti, vichwa, na Jumapili zako zote gereji. .38 Special sawa, hiyo dukani ni ghali na maganda yake yanadumu. Ningekuwa wewe ningejaza .38 peke yake na 9mm ningenunua.

fundi_bisibisi (Minneapolis)

Hapo Mpiga_Hesabu namuunga mkono, na si kwa pesa tu. 9mm ina ganda dogo na ukomo wa shinikizo wa 35,000 psi (pauni kwa inchi ya mraba) kwa vipimo vya SAAMI, chombo cha Marekani cha viwango vya silaha na risasi, haimvumilii mwanafunzi. Kichwa kikisukumwa ndani kidogo tu kuliko urefu ulioandikwa, shinikizo linapaa. Linatokea hata kwa risasi za dukani: mtu analala na bastola imejaa, asubuhi anatoa ile ya chemba (iliyo tayari kufyatuliwa nyuma ya mtutu), jioni anairudisha ile ile, wiki nzima, na kila slaidi inapopiga kichwa kinazama. Ukiiona fupi kuliko wenzake, iweke kando.

Mzigua_H-Town (Houston)

Asanteni. Mama Tausi, hiyo ya ganda lisilo na baruti, unaitambuaje ukiwa kwenye mstari wa kufyatulia? Klabuni kuna kelele, nina vizibo vya masikio, na kila mtu anapiga.

Mama Tausi (Phoenix)

Mlio wake si "pah", ni "puf". Mkono hausikii teke. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi ndani ya mtutu na kukiacha humo. Kwenye bastola mara nyingi slaidi hairudi nyuma, na kosa la wageni ni kudhani imekwama tu, wakaivuta haraka na kufyatua tena. Kwenye rivolva ni mbaya zaidi kwa sababu hakuna cha kukwama: ukivuta kifyatulio silinda inazunguka na kuleta risasi nyingine yenyewe.

Kuna bwana alikuwa kwenye mashindano, saa inakimbia. Nilisikia ile "puf" nikamshika bega, mkono wake tayari uko kwenye slaidi. Alikasirika kweli. Tulifungua bastola, tukatoa mtutu, tukauelekeza kwenye taa. Mwanga haukupita. Akakaa chini kwenye kokoto.

Kwa hiyo ukiisikia, acha. Mtutu ubaki umeelekea tuta, toa magazini, toa kilicho chemba, kisha pitisha kijiti cha kusafishia. Kikigota ndani, siku imeisha kwa silaha hiyo. Usijaribu kukifyatua kitoke.

Ukimya kabisa ni jambo jingine. Umevuta kifyatulio, nyundo imegonga, hakuna kitu. Usifungue. Hesabu nusu dakika mtutu ukiwa kwenye shabaha, kwa sababu fataki mbovu inaweza kuchelewa kuwaka.

Papa Kivu (Des Moines)

Ndugu zangu, mnaongea baruti tu, huku Iowa wawindaji wanapata shida na risasi za dukani kabisa. Shotigani ya geji 20 risasi zake kwa desturi ni za njano, na ile rangi si urembo. Ukidondosha ya 20 ndani ya bunduki ya geji 12, inateleza kupita chemba na kukwama mbele kidogo. Unachungulia haraka unaona chemba tupu, unaweka ya 12 nyuma yake. Ndugu, hapo umeshika bomu karibu na shavu. Baba na mtoto wanaowinda pamoja, mmoja na 12, mwingine na 20, risasi wasizichanganye kwenye mfuko mmoja wa koti.

Wenye bunduki za aina ya AR-15 nao wasikilize. .300 Blackout ilitokana na ganda la .223 lililofupishwa, kwa hiyo magazini ni ile ile. Baadhi ya risasi za .300 zinaingia kwenye chemba ya .223 na bunduki inafunga vizuri tu. Kichwa cha inchi .308 kinalazimishwa kupita tundu la mtutu la inchi .224. Mimi magazini zangu ni rangi mbili, na siku ya .300 ile bunduki nyingine inabaki nyumbani.

Mlamba_Asali (Arusha)

Wakuu nafuatilia kimya kimya. Na sisi huku nyumbani wenye vibali vya bunduki, hizi presi tunaweza kuagiza?

fundi_bisibisi (Minneapolis)

Usithubutu, kaka. Tanzania kuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015, Kenya kuna ile Sura ya 114. Kote kutengeneza risasi ni jambo la leseni yake, kibali cha kumiliki bunduki hakikupi ruhusa hiyo. Nenda polisi uulize kabla hata ya kuandika oda.

Na huku Marekani watu wetu wasijisahau. Kujaza kwa matumizi yako mwenyewe hakuhitaji leseni ya shirikisho, lakini ukianza kuwauzia washikaji unahitaji leseni ya mtengenezaji wa risasi, FFL (leseni ya shirikisho ya silaha) aina ya 06. Kingine kikubwa: aliye hapa kwa viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, sheria ya shirikisho inamkataza kushika silaha na risasi, isipokuwa aangukie kwenye msamaha kama wa leseni halali ya uwindaji. Mwenye green card hana kizuizi hicho. Muone wakili, si mshikaji wa klabuni.

Narudi kwenye baruti. Mezani uwe na kopo moja tu, hilo unalotumia. Ukimaliza, rudisha iliyobaki kwenye kopo lake siku hiyo hiyo. Ukiikuta baruti kwenye kijazio (chombo cha kumwagia dozi) na hukumbuki ni ipi, hiyo ni mbolea ya bustani. Majina yanadanganya: H4350 na IMR 4350 si kitu kimoja, vipimo vyake havibadilishani. Vipimo chukua kwenye kitabu cha mtengenezaji, cha Hodgdon au Lyman, anzia chini na upande polepole ukikagua maganda. Cha mtandaoni kutoka kwa mtu mwenye picha ya simba, hapana. Hata changu.

Mama Tausi (Phoenix)

Una watoto, Mzigua? Ile mashine ya kusafishia maganda ya risasi kwa maganda ya jozi (walnut) au magunzi ya mahindi yaliyosagwa inatoa vumbi lenye risasi, ile madini yenyewe, kutoka kwenye fataki zilizokwisha kuwaka. Isikae ndani, na ukiimwaga fanya nje ukiwa na barakoa. Au safisha kwa maji. Nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla hujamshika mtoto.

Fataki zikae kwenye vifurushi vyake vya dukani. Usizimwage zote kwenye chupa ya jamu kama nilivyoona kwa mtu: moja ikiwaka zinafuata zote. Na miwani ya kinga ni ya mezani pia, si ya uwanjani tu. Gereji ya Houston mwezi wa nane ni tanuri, baruti itafutie kabati ndani ya nyumba, pakavu, penye kufuli.

Mzigua_H-Town (Houston)

Nina wawili, wa miaka minne na saba. Kabati la kufuli litatangulia hata presi.

Nimeamua Lee Turret, kwa .38 tu. Nitaitumia bila ule mzunguko wa kujiendesha mpaka nizoee, nijaze kwa kibao na tochi kama stesheni moja. 9mm naendelea kununua. Dillon ibaki kwenye ndoto. Swali la mwisho: mizani ya dijitali au ya mkono wa kusawazisha?

fundi_bisibisi (Minneapolis)

Ya kusawazisha. Dijitali za bei rahisi huyumba zikipata joto au zikikaa karibu na taa za mirija, na hazikwambii. Yoyote utakayonunua, nunua na vijiwe vya kupimia mizani yenyewe, uiangalie kabla ya kuanza na katikati ya kazi. Na zima feni ya gereji. Baruti hupimwa kwa greni, na greni moja ni kama gramu 0.065, upepo wa feni unatosha kukudanganya.