Meko ya ukutani ya nyumba ya zamani: niingize jiko la chuma au nibaki na moto wazi?

MwanaMufindi
Wadau, habari za jioni. Nyumba yetu iko Mufindi, ya matofali ya kuchoma, imejengwa enzi za Waingereza. Sebule ni mita 5 kwa 4, dari iko juu mita 3. Meko ya ukutani bado yapo na dohani inapanda kama mita 6 hadi juu ya paa. Juni na Julai baridi ya huku mnaijua. Tunateketeza kuni mzigo mzima kwa jioni moja, magoti yanaungua na mgongo unaganda. Upepo ukigeuka, moshi wote unarudi ndani na mama anakohoa hadi usiku wa manane. Ana miaka 78, sipendi kumwona hivyo.

Nimefikiria njia tatu. Kuna jiko la sanduku, lile la kuagiza, linalozama lote ndani ya meko na kubakiza mlango wa kioo tu. Kuna jiko la miguu linalosimama mekoni, bomba lake likapanda kwenye dohani. Au nimpe kazi fundi wa kuchomelea hapa Mafinga. Naomba uzoefu wenu.

Baba Miwati
Mkuu, mimi niko Njombe na natumia la fundi, huu mwaka wa nne. La kwanza lilitengenezwa kwa bati la milimita 2. Msimu haukwisha, ubavu ukapinda na mlango ukagoma kufunga. La pili nilisimamia mwenyewe: bamba la milimita 5, ndani matofali ya kuhimili moto, mlangoni kamba ya kuzibia. Kabla hujalipa, bana karatasi kwenye mlango, funga, kisha vuta. Ikichomoka kirahisi, mlango unavuja hewa na moto hutautawala kamwe.

Ila bomba usikubali la mabati. Langu lilitoboka ndani ya dohani bila mimi kuona, nikashtuka nilipoona doa jeusi ukutani chumba cha watoto.

Shangazi wa Limuru
Ndugu, mimi nilibaki na moto wazi na sijutii. Kabla ya kununua chochote, pima mdomo wa meko na tundu la dohani. Mdomo wangu ulikuwa sentimita 90 kwa 75, tundu 20 kwa 20. Piga hesabu: 6,750 kwa 400, karibu mara 17. Kwa kawaida mdomo usizidi mara 10 hivi ya tundu, la sivyo moshi lazima umwagike sebuleni. Fundi alipunguza mdomo kwa matofali, akalaza kuta za pembeni zitazame chumbani na kuusogeza ukuta wa nyuma mbele. Moshi uliisha siku hiyo hiyo. Gharama ilikuwa matofali, udongo wa mfinyanzi na siku mbili za kazi.

Mkazi wa Sheffield
Shangazi, shikamoo. Kwa moshi umesema kweli tupu, ila joto bado linatoroka. Moto wazi hukuachia sehemu ndogo tu ya joto la kuni, kama asilimia 10 hadi 15, mengine yanapaa na dohani. Jiko lililofungwa vizuri hufika 70 na zaidi. Kwa mzee wa miaka 78 hiyo ni tofauti kubwa.

MwanaMufindi, huku Uingereza nimeishi na ya aina zote mbili. La sanduku halili nafasi, ila mgongo wake umezama ukutani, kwa hiyo joto jingi linaishia kwenye matofali. La miguu hutoa joto pande zote, mradi uliachie nafasi nyuma na pembeni. Mimi ningechukua la miguu.

Usinunue kubwa. Mafundi wa huku hukadiria kilowati 1 kwa kila mita za ujazo 14. Sebule yako, 5 kwa 4 kwa 3, ni mita za ujazo 60, yaani kilowati 4.3, basi la 5 linatosha. Ukiweka la 10 utalazimika kulibana hewa kila siku, kuni zitafuka badala ya kuwaka, kioo kitakuwa cheusi na lami ya moshi itaganda dohanini. Lami hiyo ndiyo inayoshika moto na kuunguza paa.

Na bomba lisiishie kwenye koo la dohani, pale juu tu ya meko inapoanza kuwa nyembamba. Lipande hadi juu kabisa, stenlesi (chuma kisichoshika kutu) ya milimita 150, na koo uzibe kwa bamba la chuma. Dohani pana ya matofali hupooza moshi, na moshi uliopoa hauna nguvu ya kupanda. Weka pia king'ora cha kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina harufu, na mzee aliyelala hataamka.

Fundi Dohani
Mnazungumzia jiko na hamjaitazama dohani. Washa tochi, ingiza kioo kwa chini, utazame juu. Nimetoa viota vya ndege vya ndoo mbili kwenye dohani moja. Angalia chokaa kati ya matofali, halafu panda darini uone kama kuna boriti inayogusa dohani. Ikigusa, usiwashe kitu. Baada ya kusafisha, washa kijiti cha udi mekoni. Moshi wake ukinyooka juu, uko salama. Ukizubaa au kurudi, kuna tatizo hata kabla ya kuni.

Kuni za miwati ni nzuri sana, ila zipasuliwe na zikae mwaka mzima chini ya paa. Gonga vipande viwili: vikavu vinalia kama kengele, vibichi vinatoa mlio wa kufa.

MwanaMufindi
Asanteni mno. Leo nimepanda. Viota vipo, na boriti moja iko sentimita 4 tu kutoka kwenye matofali, fundi seremala anakuja Jumamosi kuikata na kuiegemeza upya. Nimeamua: fedha ya kwanza inaenda kwenye bomba la stenlesi, kisha jiko la miguu la fundi, bamba la milimita 5, dogo. Mama ameomba kitu kimoja, auone moto. Fundi anasema atakata kioo cha dirisha.

Baba Miwati
Hapana, mkuu! Kioo cha dirisha kitapasuka siku ya kwanza na vipande vitamrukia mama. Agiza kioo cha seramiki cha majiko, na fundi asikibane kwa nguvu. Aache nafasi ya milimita 2 au 3 kuzunguka fremu ili chuma kikitanuka kisikivunje. Mimi niliagiza kipande cha sentimita 25 kwa 20, na kinatosha kabisa kuona ndimi za moto ukiwa umekaa.