Soli za kupimiwa mguu kwa sh. 18,000: zinasaidia kisigino ama ni biashara tu?

Kinyozi wa Kondele

Wadau, habari za jioni. Mimi ni kinyozi, kibanda changu kiko Kondele, si mbali na lango la hospitali ya Russia. Kazi yangu ni ya kusimama. Nafungua watoto wakienda shule, nafunga usiku vijana wakimaliza kunyolewa za wikendi. Sakafu ni ya tailsi, niliweka ili duka lipendeze, na mguuni huwa nimevaa patipati kwa sababu joto la Kisumu mnalijua.

Sasa kisigino cha kulia kinaniua. Shida kubwa ni asubuhi. Nikishuka kitandani, zile hatua za kwanza nashika ukuta mpaka chooni. Nikitembeatembea kinalegea, lakini nikikaa kungoja mteja halafu niinuke, kinaanza upya. Ikifika jioni maumivu yamepanda upande wa ndani wa muundi na goti nalo linalalamika. Brufeni nimemeza mpaka tumbo likakataa. Nilipigwa eksirei, nikaambiwa kuna mfupa umeota kisiginoni, nikapewa dawa zaidi.

Juzi kulikuwa na watu wanapima miguu bure mjini. Nikasimama juu ya kioo, kompyuta ikatoa picha ya nyayo zangu, nyekundu hapa, buluu pale. Kijana akasema nyayo zimelala, nahitaji soli za kuweka ndani ya kiatu, za kutengenezewa mimi peke yangu, sh. 18,000, nusu nilipe papo hapo. Sikulipa. Jirani yangu wa duka la simu anasema zile za sh. 1,500 zinafanya kazi ileile. Mama mkwe anasema ni baridi, nichue na mafuta ya moto.

Naomba mwenye kujua. Hizi soli zinasaidia kweli? Zinatengenezwaje mpaka zifike bei hiyo? Na zinaingia kwenye patipati?

Konda Mstaafu

Omera, mimi zilinisaidia. Lakini mguu wangu si kama wako. Wangu umeinuka katikati kabisa, ukikanyaga mchanga unaona kisigino na vidole, katikati hakuna kitu. Nilikuwa naning'inia mlangoni mwa matatu Kisumu hadi Busia, jioni chini ya vidole kunawaka moto. Hospitali wakanifunga plasta mguuni, wakatengeneza soli kutoka hapo. Mwanzoni nilizichukia. Sasa siendi hata sokoni bila hizo. Za dukani nilijaribu, zilikuwa zinagusa hewa.

Fundi wa Plasta

Kinyozi, pole sana. Nimetengeneza viungo bandia, viatu vya tiba na soli kwenye karakana za hospitali huku Magharibi tangu nitoke chuo cha tiba cha KMTC. Sasa nimestaafu nafuga kuku, kwa hivyo sina soli ya kukuuzia. Nitasema mengi, nivumilie.

Vile umeeleza, hatua za kwanza za asubuhi, kukaa na kuinuka, sakafu ngumu kutwa, inaelekea ni ule utando wa chini ya unyayo. Ni ukanda mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino mpaka vidoleni, na ndio unaosaidia upinde wa mguu usibonyee. Ukivutwa kila siku bila kupumzika unaumia pale unaposhika kisigino. Usiku ukilala, vidole vinaelekea chini na ukanda unajikunja. Asubuhi unaukanyagia uzito wote kwa ghafla. Huo mfupa wa kwenye eksirei usikutishe. Kuna watu wengi wanao na hawajui maumivu, na wengine wana maumivu kama yako na mfupa haupo. Atakayetaka kukupasua kwa sababu ya picha hiyo pekee, muage kwa heshima uende zako.

Soli sasa. Soli nzuri haitainua upinde wako ubaki juu siku ukiivua. Kazi yake ni kubeba. Inapanda kukutana na upinde, inachukua sehemu ya mzigo ambao ukanda ulikuwa unabeba peke yake, na kisigino kinakaa ndani ya kikombe kisiyumbe. Mguu usipoangukia ndani sana, muundi nao hauzunguki sana kufuata. Ndiyo maana wengine wanapata nafuu mpaka gotini. Kwa goti lakini sitoi ahadi, maana goti lina mambo yake.

Jirani yako wa simu hajapotea njia. Kwa maumivu haya ya kisigino, soli za kupimiwa zimelinganishwa na za dukani mara nyingi tu, na tofauti iliyoonekana ni ndogo. Ila sharti moja: iwe soli ngumu kiasi, yenye upinde na kikombe cha kisigino. Kile kisponji laini ukibonyeza kwa vidole viwili vinakutana, hicho ni cha kupunguza ukubwa wa kiatu. Na nyingine za dukani zinapashwa moto na kukanyagwa zikiwa za uvuguvugu ili zichukue umbo lako. Hizo si mbaya hata kidogo.

Umeuliza zinatengenezwaje. Kwanza fundi anakulaza, anakushika kifundo, anakipindisha juu na chini, anatazama kama kimekaza. Anakwambia utembee bila viatu, aende nyuma yako, aje mbele. Halafu anachukua umbo. Njia ya zamani, ambayo mimi naiamini, ni kufunga bendeji za plasta huku ameshikilia mguu katika mkao anaoutaka. Nyingine ni kukanyaga boksi la povu linalobonyea, na siku hizi kuna skana. Kutoka hapo anapata mguu wako wa plasta, anaupunguza hapa na kuongeza pale kwa mkono. Hapo ndipo ujuzi uko. Kisha anapasha moto shiti ya plastiki ama ya lile povu gumu la EVA kwenye oveni, anaivutia juu ya ule mguu mpaka ishike umbo, anakata, anasaga kwenye mashine, anakujaribisha, anasaga tena. Ukiniuliza pesa inaenda wapi, inaenda kwenye hiyo saga na jaribu.

Sasa linganisha na kioo. Kioo kinaonyesha uzito umekaa wapi wakati umesimama tuli, basi. Hakijui unaumwa asubuhi, hakijakunja kifundo chako, hakijatazama kiatu. Kama mtu hakukugusa mguu, sioni alichopima cha sh. 18,000.

Zinalipa wapi basi? Mguu kama wa Konda hapo juu, ulioinuka sana, huo unafaidika kabisa. Mguu ulioharibiwa na ugonjwa wa viungo mpaka vidole vimepinda. Mguu wa kisukari. Mtu ambaye mguu mmoja ni mfupi. Na yule ambaye za kawaida amezijaribu vizuri zikashindwa.

Patipati, hapana. Soli inakaa ndani ya kiatu cha kufunga ambacho soli yake ya asili inatoka, ili kisigino chako kisipande na kuchomoka.

Kabla sijasema zaidi nifanyie haya leo usiku, mwite mkeo atazame. Simama kwa vidole, yeye akiwa nyuma: upinde unaonekana ama unabaki umelala? Visigino vinageukia ndani? Kisha ujaribu kwa mguu mmoja, huo wa kulia, ukishika mlango kidogo tu. Bonyeza kwa kidole gumba chini ya kisigino, upande wa ndani, kuelekea mbele. Halafu chuchumaa miguu ikiwa imekanyaga chini kabisa. Niambie. Na huwa unasimama upande gani wa kiti?

Mwalimu wa Mbale

Fundi, samahani naingilia. Mama yangu ana kisukari na miguu inakufa ganzi. Alinunuliwa soli za dukani na ndugu yangu. Aendelee nazo?

Fundi wa Plasta

Mwalimu, azivue kwanza. Mguu wenye ganzi hautamwambia kama soli inamkwaruza, atakuja kuona kidonda tu, na kidonda cha kisukari ndicho kinachokata miguu. Apelekwe kliniki ya kisukari wamguse nyayo na ule uzi wa plastiki waone anahisi wapi. Soli yake itakuwa laini, ya kutandaza uzito, na kiatu kipana chenye kina. Nyumbani mkague nyayo kila jioni, katikati ya vidole pia. Kama yeye haoni vizuri, mtu mwingine amtazamie. Na kabla ya kuvaa atie mkono ndani ya kiatu asikanyage kokoto.

Kinyozi wa Kondele

Mzee, shukrani. Nimefanya, mke wangu amecheka sana lakini ameangalia. Nikisimama kwa vidole upinde unatokea na visigino vinaingia ndani. Kwa mguu mmoja wa kulia naweza, ila shavu la mguu linatetemeka. Kidole gumba kisiginoni, nilimwita marehemu nyanya. Kuchuchumaa siwezi, visigino vinainuka naanguka nyuma.

Nasimama upande wa kulia wa kiti, siku zote. Uzito naweka mguu wa kulia, wa kushoto unapumzika kwenye kile chuma cha chini.

Fundi wa Plasta

Basi nimekuona vizuri kuliko kioo. Nyayo zako zimelala lakini ni laini, zinaamka ukizitaka. Wengi wanazaliwa hivyo na wanafika uzeeni bila kuumwa. Na kwa kuwa unapanda kwa mguu mmoja, ile kano ya nyuma ya kifundo upande wa ndani bado inafanya kazi. Siku utashindwa kupanda kabisa, na hapo nyuma ya fundo pamevimba, usingoje, nenda kwa daktari wa mifupa.

Kinachokusumbua zaidi ni mashavu ya miguu yaliyokaza, na hiyo tailsi. Kabla ya kushuka kitandani, pitisha leso chini ya vidole, vuta kuelekea kwako, hesabu mpaka 10, rudia mara 10. Mchana kati ya wateja, simama ukiangalia ukuta, mguu wa kulia nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, sukuma ukuta sekunde 30. Kisha ukunje goti la nyuma kidogo urudie, maana kuna msuli wa ndani ambao goti likinyooka haufikiwi vizuri. Mara 3 kila mguu. Jioni zungusha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda.

Nyuma ya kiti weka mati nene ya mpira. Kiti chenyewe kipampu juu zaidi usiwe unainama, na ujifunze kuhama upande. Nenda soko la Kibuye Jumapili utafute raba za mitumba, lakini usitazame jina. Shika kisigino cha kiatu, kibonyeze, kiwe kigumu. Kikunje: kikunjike pale vidole vinapokunjika. Kikikunjika katikati, rudisha. Chungulia ndani kama soli inatoka.

Ukitaka kujua kama soli itakufaa kabla ya kutoa hela, mwombe mtu wa fiziotherapia akufunge unyayo kwa plasta ya kunata ya michezo, ile isiyovutika. Ukikaa nayo siku 2 ama 3 na asubuhi ikawa nyepesi, soli inaweza kukusaidia, na uanze na ile ngumu ya dukani. Ivae saa 1 ama 2 siku ya kwanza, ongeza polepole kwa wiki 2. Ukiivaa kutwa siku hiyo hiyo, miguu itauma mahali papya utasema soli ni mbaya.

Haya mambo ni ya polepole. Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila sindano wala kisu. Ila miezi 3 ikipita na umefanya yote bila nafuu, nenda karakana ya ortopedia ya hospitali ya rufaa, si kwa mwenye kioo, wakufunge plasta ya kutengenezea soli. Ukiona ganzi, uvimbe, homa, ama maumivu ya usiku hata ukiwa umelala, usingoje hiyo miezi. Na brufeni iache kama tumbo limekataa.

Kinyozi wa Kondele

Asante mzee. Mati nimepata kwa fundi wa magari hapa nyuma, ya pikapu. Kuhama upande ndio kazi, mkono wa mashine unakataa.

Fundi wa Plasta

Anza na watoto, wale wa kunyolewa kipara. Hawana ndevu za wewe kukosea. Na siku ukienda kupimwa, nenda na hizo raba za kazi, soli inasagwa kufuata kiatu.