Tupeane uzoefu: tuliokulia jirani na kambi za wakimbizi

Wakuu, wakimbizi wakitajwa hapa ubishi ni ule ule: wamemaliza misitu, wameleta ujambazi, hapana, wameleta soko. Leo waongee walioishi nao. Naanza.

Nimekulia Kasulu, kijiji cha jirani na Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. 2015 wakaongezwa Warundi. Mama alikuwa na ekari mbili za mahindi na maharage, palizi tunapiga wenyewe. Akaanza kuchukua vibarua wa kambini, maana walikubali ujira mdogo kuliko wetu, na shamba likafika ekari tano. Baba mdogo, yeye aliishi kwa kulimia watu, akakaa bila kazi. Mpaka leo hao wawili huwaweki chumba kimoja ukataja wakimbizi! Mafuta ya kula nayo tulinunua ya mgao wa wakimbizi, kopo limeandikwa haliuzwi. Likiisha, baba analipasua, analinyoosha kwa nyundo, linapigiliwa mlango wa banda la kuku.

Wa Ngara: Kwetu ni Aprili 1994. Watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi, wakawekwa kambi ya Benaco. Kuni za nyuma ya nyumba zikaisha, tukawa tunazifuata kutwa nzima. Mbuzi saba wa babu waliondoka usiku mmoja. Ila nisiwe mnafiki, shangazi aliuza ndizi pale akaezeka nyumba bati. Desemba 1996 waliporudishwa kwao, mikungu ilimwozea uani.

Wa Kasulu mwingine: Mkuu, umesahau zahanati. Mimi nimezaliwa hospitali ya kambini, mama aliona ndiyo yenye dawa.

Wa Katumba: Naona mnatuongelea tu, ngoja na mimi niseme. Babu alikimbia Burundi 1972, wakawekwa Katumba, makazi ya wakimbizi kule Katavi. Walikabidhiwa pori na majembe, na kabla sijazaliwa walishaacha kula mgao, wanauza mahindi na tumbaku. 2014 tukapewa uraia wa Tanzania, zaidi ya watu 160,000. Cheti ninacho, nimekiwekea nailoni. Juzi niko dirishani nafuatilia kitambulisho, naulizwa kwetu hasa ni wapi. Nikajibu Katumba. Yule bwana akashika kalamu, akaendelea kunitazama, anasubiri nimalizie.