Mjadala: Maji ya Sabaki, nani achukue kiasi gani kabla hayajafika Malindi?

Mtazamaji wa Daraja
Naweka swali mezani. Mto ni mmoja, majina matatu: Athi huko juu, Galana baada ya kukutana na Tsavo, Sabaki unapotufikia. Unaanza pande za Ngong na Nairobi, unaingia baharini kaskazini ya Malindi, na kila kaunti njiani ina mipango yake. Mpakani mwa Makueni na Kitui kuna bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza 2018, la kubeba mita za ujazo milioni 688. Chini yake kuna mashamba ya umwagiliaji ya Galana-Kulalu. Mwisho kabisa kuna visima vya Baricho, vinavyonywesha Malindi na Kilifi hadi Mombasa. Haki iko wapi hapo? Tudai fedha, au tudai maji? Msimamo wangu: maji yapimwe kwanza, fedha baadaye. Nikosoeni.

Kijana wa Magarini
Nakukosoa. Ukisema "baadaye" kwa watu wa Pwani umesema kamwe. Mwangi wa Iria alipokuwa gavana wa Murang'a alidai asilimia 25 ya mapato ya maji yanayotoka bwawa la Ndakaini kwenda Nairobi. Hata kama hakupewa, hoja ilisikika nchi nzima. Sisi Baricho iko Kilifi, bomba linakwenda kusini, na kwetu Magarini, ng'ambo ya kaskazini ya mto, bado kuna akina mama wanachota ukingoni huku jicho moja liko kwa mamba. Katiba kifungu cha 69 kinataka faida za maliasili zigawanywe kwa haki. Mombasa ilipe.

Fundi Pampu
Ndugu yangu wa Magarini, tupige hesabu kabla ya kudai. Kanuni za maji za 2007 ziliweka ada ya senti 50 kwa kila mita ya ujazo ya maji ya nyumbani. Chukua mita za ujazo 80,000 kwa siku, ambacho ni kiasi cha kukadiria cha Baricho. Hiyo ni shilingi 40,000 kwa siku, na robo yake shilingi 10,000. Kwa fedha hiyo hulazi bomba hata la kufika Marafa. Ukitaka robo ya bei ya kuuzia mteja, sawa, ila mteja huyo yuko Malindi pia. Bili itamuumiza mnyonge wa Kisumu Ndogo, Malindi, kabla haijamuumiza tajiri wa Nyali, Mombasa.

Kingine ambacho watu hawakijui: Baricho hainyonyi mto moja kwa moja. Ukitia pampu kwenye maji ya Sabaki msimu wa mafuriko unapigana na tope, panga za pampu zinalika na matangi ya kutuliza maji yanajaa. Kwa hiyo maji yanavutwa kwenye visima vilivyochimbwa katika mchanga mzito wa mkondo wa kale, kando ya mto. Mto ndio unaoujaza mchanga huo. Mto ukikauka, visima havikauki siku hiyo hiyo. Usawa wa maji hushuka pole pole, pampu zinavuta kwa shida, na mwenye mfereji Malindi anadhani ni umeme. Mkondo ukihamia ukingo wa pili, jambo la kawaida kwa mto wa mchanga, maji husafiri mbali zaidi chini ya ardhi na kisima hutoa kidogo ingawa mto unaonekana umejaa. Mafuriko yasipokuja kukwangua sakafu, tope laini huiziba kama masizi ya bomba la jiko.

Wakili Mstaafu
Kisheria, mpangilio upo na watu hawautumii. Sheria ya Maji ya 2016 inaweka kwanza kile kinachoitwa akiba: maji ya mahitaji ya msingi ya binadamu wanaoutegemea mto, na ya kuuweka mto wenyewe hai. Kibali cha kuchota maji hakitakiwi kugusa akiba. Kanuni za 2007 zilisema akiba isiwe chini ya kiwango kinachopatikana asilimia 95 ya siku zote, kwa mto kama ulivyokuwa kabla ya kuchotwa. Maana yake, chukua siku 365: mto ulikuwa na kiasi hicho au zaidi katika siku 347. Wamwagiliaji nao hutakiwa kutegemea maji ya mafuriko, wayaweke kwenye hifadhi ya siku 90, wasichote mkondo wa kiangazi.

Kuhusu Mombasa kulipa: mitambo inayohudumia zaidi ya kaunti moja imebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kilifi haiuzi maji hayo, kwa hiyo haina bei ya kupandisha.

Bi Shamba
Nawashukuru, ila naona mnaanza kumfanya mkulima mwizi. Basi hesabu hii ifanywe wazi. Mahindi kwenye joto la Galana hunywa milimita 5 hadi 6 kwa siku. Milimita moja juu ya hekta ni mita za ujazo 10, kwa hiyo hekta moja ni kama 55. Shamba la mfano la Galana-Kulalu lililoanza 2014 lilikuwa la ekari 10,000, yaani hekta 4,047. Zidisha: karibu 222,000 kwa siku. Mashine za kunyunyizia zinazozunguka hupoteza kama moja ya tano, hivyo unatoa mtoni karibu 278,000. Mita moja ya ujazo kwa sekunde ni 86,400 kwa siku, kwa hiyo ni mita 3.2 kwa sekunde. Naam, ni zaidi ya mara tatu ya Baricho yote, nakubali. Kwa mtaro wa kawaida, ambapo nusu hupotea, ingekuwa mita 5.

Na ule mpango wa serikali wa kulima ekari milioni moja hapo Galana-Kulalu? Mita 320 kwa sekunde. Hakuna mto wa Kenya unaobeba hayo wakati wa kiangazi. Ulikuwa mpango wa karatasi na haufai kutumiwa kuwahukumu wakulima halisi. Swali langu kwa Wakili: hifadhi ya siku 90 kwa ekari 10,000 ni mita za ujazo milioni 25. Nani atachimba bwawa hilo, mkulima wa ekari tano?

Wakili Mstaafu
Hawezi peke yake, dada. Ndiyo sababu sharti hilo huvunjwa kimya kimya.

Mkaazi wa Witu
Nchi yangu ni upande wa mto Tana, na tumeshapita njia mnayoielekea. Bwawa la Masinga huko juu lilikamilika 1981, na mabwawa mengine yako chini yake. Mtu wa juu atakuambia bwawa limekusaidia: kiangazi mto hauanguki sana kwa sababu mitambo ya umeme huachilia maji kila siku. Ni kweli. Kilichoondoka ni mafuriko ya kati, yale ya kila masika na vuli ambayo yalilowesha mashamba ya mpunga ya Wapokomo na kujaza maziwa ya delta. Mpunga wa delta haulimwi kwa mkondo mwembamba wa mwaka mzima. Unalimwa kwa maji yanayopanda, yanakaa wiki kadhaa, kisha yanashuka. Huko Ozi, karibu na Kipini, maji matamu yakipungua bahari inapanda mtoni na chumvi inaingia shambani.

Na mfugaji? Waorma wana malka, njia za kuteremshia mifugo mtoni. Shamba likiziba malka, ugomvi hauhitaji mchochezi, na mapigano ya 2012 kati ya Wapokomo na Waorma yalituonyesha unavyoweza kufika. Kwa hiyo mkidai "kiwango cha chini" peke yake, mtapewa kiwango cha chini na mtakosa mto.

Mtazamaji wa Daraja
Hapo umenigusa. Ziwa Jilore nalo hujazwa na Sabaki ukifurika, si ukipita. Nilikuwa nadai nusu ya haki yetu.

Mvuvi wa Mambrui
Wengine hapa mtafurahi mafuriko yakipungua. Tope la Sabaki ndilo linalogeuza bahari ya Malindi rangi ya chai na kufikia matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa 1968. Bwawa la juu litakamata sehemu ya tope hilo. Hoteli zitashangilia. Lakini ufuko wa Malindi umekuwa mpana kwa mchanga wa mto huu huu. Ukikata mchanga, bahari haitaomba ruhusa kuuchukua uliopo. Kamba tunaowavua nao wanahitaji maji ya mto pale unapoingia baharini. Sina jibu rahisi, ila msihesabu maji tu mkasahau kilichomo ndani yake.

Fundi Pampu
Turudi kwenye Thwake, kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Mambo mawili.

La kwanza ni kujaza. Bwawa la milioni 688, likizuia mita za ujazo 20 kwa sekunde bila kukosa, hujaa baada ya siku 398. Mwaka na mwezi mmoja. Kiangazi hakuna mita 20 za kuzuia, kwa hiyo watazuia zaidi masika, ambapo mchanga wa Baricho ndio unajazwa. Ratiba ya kujaza ndiyo ya kudaiwa sasa, si asilimia ya mapato. Pia bwawa liwe na tundu la chini linalofanya kazi, maana maji yakiwa chini ya mlango wa juu hakuna cha kuachilia hata kama sheria inasema waachilie. Awamu ya umwagiliaji imetajwa kuwa hekta 40,000. Kwa hesabu ya Bi Shamba ni karibu mita 32 kwa sekunde shamba lote likinyweshwa pamoja.

La pili ni kupima. Ubao wa kusomea kina ukiusimika kwenye mchanga wa Sabaki unakudanganya. Mafuriko yakikwangua sakafu sentimita 30, kina kilekile sasa ni maji mengine kabisa, na jedwali la kubadilisha kina kuwa mita kwa sekunde lazima litengenezwe upya. Pima kwenye mwamba. Maporomoko ya Lugard ndani ya Tsavo Mashariki yana sakafu ya jiwe isiyohama.

Mtazamaji wa Daraja
Lugard pekee haitoshi, Bwana Fundi. Iko chini ya makutano na Tsavo, na Tsavo hupokea maji ya chemchemi za Mzima yasiyokauka. Kiangazi mkondo utaonekana mzuri pale hata kama Athi hauleti tone. Kipimo cha pili kiwe juu ya makutano, la sivyo Thwake itajificha nyuma ya Mzima. Halafu Mombasa tayari inachota Mzima kwa bomba tangu 1957, kwa hiyo bonde hili inalinywa kwa midomo miwili.

Kijana wa Magarini
Ndiyo maana nasema walipe!

Bi Shamba
Wazibe kwanza mabomba yanayovuja. Zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosukumwa nchini hayalipiwi, mengine huvuja, mengine huibwa. Asilimia 40 ya 80,000 ni 32,000 kwa siku. Hayo yanatosha watu 640,000 kwa lita 50 kila mmoja. Mwanangu, badala ya robo ya senti hamsini, dai tawi la bomba la kuvuka mto na mita kwenye kila tawi, Malindi ikiwemo.

Kijana wa Magarini
Tawi nalikubali. Liandikwe kwenye kibali cha Baricho kitakapofanywa upya, lisiwe ahadi ya jukwaani. Wakili, hilo linawezekana?

Wakili Mstaafu
Kibali huwa na masharti ya kiasi, muda na mita ya kupimia. Ombi la kibali kikubwa hutangazwa, na mtu yeyote anaweza kupinga kwa maandishi ndani ya muda uliotolewa. Kuongeza sharti la huduma kwa ng'ambo kunahitaji chama cha watumiaji maji kilichosajiliwa upande huo, chenye barua na ramani. Kipo?

Kijana wa Magarini
Cha ng'ambo yetu sijakiona.