Reli ya njia moja kwa neti ya Petri (Dodoma–Manyoni): BDD inavimba, na programu inasema hakuna mkwamo

behewa_la_pili

Wakuu, habari za kazi. Nina modeli ya reli ya njia moja niliyoiunda kwa neti ya Petri (maduara yenye tokeni, na mipito inayofyatuka kuzihamisha). Toleo dogo linaanzia Dodoma, linapita Bahi, Kintinku na Saranda, linaishia Manyoni (stesheni nyingine nimeziruka makusudi). Kila stesheni ya kati ina njia mbili, ile kuu na ya kupishania. Kipande cha reli kati ya stesheni mbili kinabeba treni moja tu.

Kila kipande kina maduara matatu: huru, mag (treni inayoenda magharibi) na mash (inayoenda mashariki). Kila stesheni ya kati nayo ina matatu: nafasi, stmag na stmash. Huru inaanza na tokeni 1, nafasi inaanza na tokeni 2. Treni ikiondoka inachukua tokeni ya huru na kurudisha ya nafasi. Ikifika inafanya kinyume chake. Dodoma na Manyoni ziko wazi, zinatoa na kupokea treni bila kuhesabu. Yadi ya Dodoma kuna pia kichwa cha kupangia mabehewa kinachozunguka muda wote.

Toleo dogo linakwisha mara moja. Nikirefusha kuelekea Tabora hadi stesheni 20 za kati na vipande 21, RAM ya GB 16 inajaa kabla hesabu ya hali zote zinazofikika haijaisha. Maduara yanaitwa huru_01, huru_02 na kuendelea, na programu inayapanga kwa alfabeti.

La pili, toleo dogo linaniambia hakuna mkwamo (hali ambayo hakuna kinachoweza kusogea tena) hata mmoja. Reli ya njia moja kweli ikose mkwamo?

nodi_na_tao

Mkuu, alfabeti ndiyo inayokuua. BDD (mchoro wa maamuzi ya ndiyo/hapana ambamo programu yako inahifadhi hali zote kwa pamoja) inasoma vigeu, hapa maduara yako, kutoka juu kwenda chini, na katika kila ngazi lazima itofautishe kila jambo la juu ambalo bado lina athari chini. Kwa majina yako, huru zote zinakuja kwanza, kisha mag, mash, nafasi, stmag, stmash. Ikimaliza kusoma huru 21, mchoro unapaswa kukumbuka kwa kila kipande kama kiko tupu, maana mag na mash zake bado hazijasomwa. Hapo upana unaweza kufika 2^21, yaani nodi 2,097,152 kwenye ngazi moja. Stesheni ni mbaya zaidi: nafasi ina thamani 0, 1 au 2, na stesheni ziko 20, kwa hiyo 3^20, zaidi ya bilioni 3.4.

Panga kwa kufuata reli yenyewe: huru_01, mag_01, mash_01, halafu maduara matatu ya stesheni ya kwanza, halafu kipande cha pili. Tazama kipande kimoja kwa karibu. Daima huru + mag + mash = 1. Nodi moja inasoma huru, mbili zinasoma mag, mbili zinasoma mash, kisha kila kitu kuhusu kipande hicho kinasahaulika. Nodi 5. Vipande 21 kwa wenyewe ni nodi 105, si milioni mbili. Kutakuwa na uhusiano kati ya kipande na stesheni jirani, lakini ni wa jirani kwa jirani, hausafiri mbali.

Ukiweza, achana na biti kabisa utumie MDD, ambamo kigeu kinaruhusiwa thamani zaidi ya mbili. Kipande kinakuwa kigeu kimoja chenye thamani 3, stesheni kigeu kimoja chenye thamani 6 (njia za kugawa tokeni 2 katika maduara matatu). Unabaki na vigeu 41 badala ya biti 183. Idadi ya hali haizidi 3^21 × 6^20, karibu 3.8 × 10^25, ukikiweka kando kichwa cha yadi. Hakuna diski ya kuziorodhesha moja moja, lakini MDD inazibeba kwa nodi chache kwa sababu reli ni mnyororo.

Angalia pia usije ukawa na duara la kuhesabu treni zilizofika Manyoni. Hilo halina kikomo, na hesabu haitaisha hata ukiwa na RAM ya GB 500.

kigeu_x

Naongeza: washa upangaji wa vigeu wa kujiendesha, ule wa Rudell wa 1993 unaosogeza kigeu kimoja kimoja juu na chini na kukiacha pale mchoro unapokuwa mdogo. Haulazimu kuhangaika na majina.

nodi_na_tao

Kwa modeli hii sikubaliani nao kama hatua ya kwanza. Unaanza kazi mchoro ukiwa tayari umevimba, na kila ubadilishanaji wa ngazi mbili nene ni ghali, kwa hiyo muda unaliwa na upangaji wenyewe. Tena unaangalia hatua moja tu mbele, unakwama kwenye mpangilio wa wastani. Kuboresha mpangilio ni tatizo la NP-kamili, yaani halina njia ya haraka inayojulikana (Bollig na Wegener, 1996). Sisi tayari tunao mpangilio mzuri, umechorwa ardhini kutoka Dodoma hadi Manyoni. Anza nao, kisha upangaji wa kujiendesha uje kunyoosha yaliyobaki. Ukiuwasha, fungamanisha kigeu cha hali ya sasa na kile cha hali inayofuata baada ya mpito, visitenganishwe.

mlima_saranda

Mpangilio peke yake hautoshi, mkuu behewa. Angalia unavyotembeza hesabu. Ukienda tabaka kwa tabaka (hali zote za hatua ya 1, kisha za 2), seti za katikati zinakuwa kubwa kuliko ile ya mwisho. Sababu ni kwamba seti ya hatua ya k inafungamanisha kitu cha Bahi na kitu cha Manyoni: treni za huku zikisogea sana, za kule zimesogea kidogo. Seti ya mwisho haina kifungo hicho. RAM inajaa kwenye kilele cha katikati.

Tumia kushibisha, mbinu ya Ciardo, Lüttgen na Siminiceanu ya 2001. Unaanza na nodi za chini kabisa, unafyatua mipito inayogusa ngazi hizo tu mpaka hakuna kipya, ndipo unapanda. Mpito wako wa kuondoka unagusa stesheni na kipande kinachofuata, ngazi mbili zilizopakana. Wa kufika vivyo hivyo. Hiyo ndiyo hali ambayo kushibisha kunang'aa. Na usiunganishe mipito yote kuwa uhusiano mmoja mkubwa. Kila mpito ubaki peke yake na ngazi zake.

Sasa mkwamo. Upo, ila swali lako haliugusi. Programu inatafuta hali ambayo hakuna mpito wowote unaoweza kufyatuka, na kichwa cha yadi kinaweza kufyatua daima. Chukua hali hii: Kintinku ina treni mbili za kwenda mashariki, na kipande cha Bahi–Kintinku kina treni ya kwenda magharibi. Iliyo njiani haina pa kuingilia, zilizo stesheni hazina pa kutokea.

Uliza hivi: chukua seti ya hali zinazofikika, iite R. Ndani yake chukua zile ambazo mpito wa kufika Kintinku kutoka Bahi unaweza kufyatuka. Rudi nyuma kwa mipito iliyogeuzwa, ukibaki ndani ya R, mpaka seti isiongezeke, iite B. Hali zilizo kwenye R lakini si kwenye B ni zile ambazo treni haitafika Kintinku kutoka Bahi tena milele. Fanya hivyo kwa toleo dogo, ambalo haliwezi kuzidi hali 17,496 (kichwa cha yadi kando). Huko tabaka kwa tabaka hakuna shida, na utapata njia fupi ya kufika kwenye mkwamo, kitu ambacho kushibisha hakukupi bila kazi ya ziada.

behewa_la_pili

Asanteni sana wakuu. Nikiufanya mpito wa kuondoka uhifadhi kwanza njia kwenye stesheni ya mbele, mkwamo unakwisha?

mlima_saranda

Unapungua tu. Bahi ikiwa na mbili za magharibi na Kintinku mbili za mashariki, kipande kati yao ni tupu na hakuna anayeweza kuhifadhi. Kumbuka kwamba ukihifadhi, thamani za kigeu cha stesheni zinatoka 6 kwenda 10, kwa kuwa jumla ya tokeni zake inaweza kuwa 0, 1 au 2. Mpito wa kuondoka nao unagusa ngazi tatu badala ya mbili.

Kinachomaliza ni kuhifadhi pamoja na kutenga njia moja ya kila stesheni kwa kila upande. Treni ya mbele kabisa ya kwenda magharibi ina Manyoni iliyo wazi, na kila aliye kwenye kipande tayari ana pa kuingia, kwa hiyo vipande huachiwa daima. Gharama yake ni kwamba treni ya abiria haiwezi kuipita ya mizigo popote. Ukilegeza kanuni kwenye stesheni moja tu, bado uko salama. Ukilegeza mbili, hata zisipopakana, mkwamo unarudi: Bahi mbili za magharibi, Saranda mbili za mashariki, Kintinku moja ya kila upande. Toleo lako dogo linatosha kukuonyesha huo.